Saini ya Mfuko wa Damu

Ting.

Sauti ile ya kompyuta ya chumba cha damu, nyembamba kama kijiko kikigusa glasi, Shangazi hajaisahau. Hospitali nzima humwita Shangazi, kuanzia wafagizi hadi madaktari, ingawa kazi yake ni kuandika programu. Ting ilimaanisha kwamba maabara ya ng'ambo ya barabara imemaliza kuilinganisha damu ya mgonjwa na ya mfuko, imetuma ujumbe unaojipeleka wenyewe, na droo ya jokofu yenye mfuko uliopita vipimo imejifungua. Zamani majibu yalivushwa barabara kwa karatasi, na mgonjwa akasubiri saa nzima. Kwa programu yake, dakika nne.

Asubuhi hiyo ilisema ting, droo ikafunguka, na muuguzi wa zamu akabaki mkono ukiwa hewani.

"Shangazi, maabara si imefungwa leo? Si wanapulizia dawa ya mende?"

Ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyepima kitu.

Ikabainika kwamba fundi mmoja wa nje, aliyeitwa kutengeneza mtandao, alikuwa akijaribu vyombo vyake, akatuma ujumbe wa mfano wenye namba ya mfuko wa kweli. Hakuwa na nia mbaya. Lakini alichoweza yeye angekiweza yeyote aliyeijua anwani yake ya mtandao, maana programu ilimpokea kila aliyebisha hodi bila kumuuliza wewe nani. Mfuko haukumfikia mgonjwa.

Daktari Mkuu hakuzungusha maneno. "Ijumaa saa nne asubuhi nakuja kuangalia. Ikiwa bado inamwamini kila mpita njia, tunaizima, tunarudi kwenye karatasi."

Shangazi aliifikiria wodi ya wazazi. Pale, saa nzima ni ndefu mno.

Jumanne alitengeneza ufunguo wa siri, mstari mrefu wa herufi na tarakimu zisizo na maana yoyote, akauandika kwenye kijikaratasi, akavuka nao barabara mwenyewe. Mpima damu wa maabara, mwanamume mrefu waliyemwita Mlingoti, alimcheka.

"Si ungenitumia kwa simu tu, Shangazi? Miguu hiyo unaionea."

"Nikutumie kwa simu, itakuwa siri au tangazo la mnada? Ingiza hapa nikuone, kisha hii inachanwa."

Maabara sasa ingeuchanganya ufunguo ule na ujumbe wenyewe, pamoja na saa ya kutumwa, ikokotoe saini, yaani namba ndefu ya utambulisho, na kuiambatisha. Ufunguo usingesafiri kamwe. Upande wa hospitali programu ingekokotoa tena kwa nakala yake. Saini zikilingana, droo inafunguka. Herufi moja ikiguswa njiani, saini inatoka nyingine kabisa.

Jumatano wakajaribu. Ujumbe wa kweli ukakataliwa. Wa pili ukakataliwa, na wa kumi vilevile.

Mlingoti akapiga simu. "Hongera, Shangazi. Umemfungia mwizi nje, na mwenye nyumba pia."

"Kata simu, nina kazi."

"Nianze kutafuta karatasi, bi mkubwa?"

"Tafuta za kufungia maandazi!"

Alhamisi mchana, chakula kikimpoa mezani, aliacha kuukagua ufunguo akaanza kuhesabu herufi za ujumbe. Maabara ilituma 212. Programu yake ilikokotoa saini juu ya 219. Akazisaka hizo saba kwa ncha ya kalamu mpaka akazipata: nafasi tupu, moja baada ya kila nukta mbili na kila mkato. Programu ilikuwa ikiufungua ujumbe, ikiupanga vizuri, ndipo ikakagua saini. Yeye mwenyewe aliiandika hivyo. Alikuwa karani wa masjala miaka kumi na mmoja kabla ya kujifunza programu, na mikono yake haikujua kuacha faili bila kulinyoosha.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akahamisha mistari miwili tu: saini ikaguliwe kwanza, juu ya ujumbe jinsi ulivyofika, na mpangilio wake usubiri.

Ijumaa Daktari Mkuu alikuja na yule fundi wa nje. "Haya, bisha hodi," akamwambia. Fundi akatuma ujumbe wake wa mfano. Kimya. Akachukua ujumbe wa kweli wa jana akabadili tarakimu moja. Kimya. Akautuma ule wa jana bila kuugusa, saini ikiwa sahihi kabisa. Programu ikaona umezidi dakika tano tangu utumwe, ikautupa.

"Mama," fundi akasema akifuta jasho, "mlinzi wako huyu hasinzii?"

Kabla hajajibiwa, simu ikalia kutoka wodi ya wazazi. Mama aliyejifungua sasa hivi anavuja damu. Sampuli yake imeshakimbizwa maabara. Wote wakaigeukia kompyuta. Shangazi alishika ukingo wa meza. Dakika moja. Mbili. Tatu.

Ting.

Saini zilikuwa zimelingana. Droo ikafunguka, muuguzi akautwaa mfuko akatimka nao. Daktari Mkuu akaitoa mfukoni barua ya kuizima programu, akaichana vipande vinne. Chumba kikalipuka kwa vifijo, na Mlingoti, aliyekuwa akisikiliza kwenye simu kutoka maabara, akapiga kigelegele kirefu ambacho kingemfaa mama wa bibi harusi.

Walipomaliza kumkumbatia, Shangazi alikwenda wodini. Mama yule alikuwa amelala, rangi ikimrudia midomoni, mtoto akikoroma kando yake. Juu yao damu ilidondoka tone kwa tone. Shangazi akausogelea mfuko, akailinganisha namba yake na ile ya ujumbe, tarakimu kwa tarakimu, kidole kikifuata.

"Ndio wenyewe," akanong'ona.