Kusitiri Si Kuficha

Mchana ule wa Kibondo siusahau, mwanangu, ingawa mengine mengi yamenitoka. Nilisimama mbele ya ghala la kijiji, kitambaa kimefungwa shingoni, na wanafunzi wangu wote wananitazama kama nyoka aliyeingia ndani. Keti nikueleze, maana wewe unarudi kazini na hicho kifuko cha choo walichokuwekea hospitalini ubavuni, na nimekuona unavyovaa sweta juu ya sweta kwenye jua kali.

Nilipokuwa msichana niliugua koo nusura nife. Hospitalini walinitoboa hapa, chini ya koo, wakaniwekea mrija wa chuma wa kupumulia. Nikapona, ila mrija ukabaki. Nikitaka kusema, sharti nizibe tundu kwa kidole ndipo sauti ipande. Na ndani ya mrija ule umo mwingine mwembamba, ambao hutolewa na kusafishwa, la sivyo makohozi hugandia na pumzi hukatika.

Miaka ile ya sabini nchi nzima ilikuwa darasani, hata wazee wenye mvi walishika chaki. Nikapangiwa kufundisha watu wazima katika kijiji kipya huko Kibondo, mbali na kwetu Munanila, nami nikaapa kwamba huko hakuna atakayejua. Nilijifunza kupitisha kidole chini ya kitambaa kama mtu anayejikuna. Nilijiona mjanja kweli! Hata Bibi Verediana, mjane aliyenipa chumba na kunipikia, hakujua. Mrija niliusafisha mlango umefungwa kwa komeo.

Sasa, sisi Waha tunasalimiana kwa mikono miwili. Unainama, unapiga makofi taratibu, na huku unasema, "Mwakeye." Mimi mkono wangu mmoja ulikuwa na kazi shingoni. Mzee Ntakije, aliyeheshimiwa kuliko wote pale, nilimsalimia vivyo hivyo, bila makofi, mkono mmoja chini ya kitambaa. Hakuitikia. Nikadhani hakusikia.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na watu wakazaa maneno. Wakanong'ona kwamba mwalimu ana kitu shingoni, hasemi mpaka akishike, na ukikaa karibu naye unakisikia kikipiga mluzi. Ilikuwa pumzi yangu tu, jamani. Kisha nikapita nyumbani kwa Mzee Ntakije kuwahimiza waje darasani, na kesho yake mjukuu wake akashikwa na homa kali. Unaona mwenyewe mambo yalikokwenda.

Siku hiyo watu walizunguka nyumba yetu tangu asubuhi, wakichungulia dirishani. Niliogopa kuutoa mrija wasije wakaniona, nikauacha bila kuusafisha. Kilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limejaa kila mahali. Nilipoitwa ghalani, kifua kilikuwa kimeshaanza kukoroma.

"Fungua hicho kitambaa," alisema Mzee Ntakije. "Tuone unachokishikashika."

Nilitaka kumweleza. Na ili nieleze, nikapeleka kidole shingoni.

"Yemwe! Anakishika tena!" mwanamke mmoja akapiga yowe. Wanaume wawili wakainama kuokota mawe.

Sauti haikutoka. Mrija ulikuwa umeziba. Nikavuta pumzi, haikuingia, nikavuta tena, macho yakaanza kuona giza. Na sikufichi, mwanangu: mawe yale niliyaogopa, lakini kuonekana nilikuogopa zaidi. Nilikuwa ninakufa, na mikono yangu bado imekishikilia kitambaa. Nikikumbuka hasira hunipanda hadi leo.

Bibi Verediana ndiye aliyekuja. Hakujua lolote, ila aliona mtu anakosa hewa. Akanibandua vidole, akakitoa kitambaa, akauona mrija. Kisha akanipa mgongo, akaivua kanga yake ya juu na kuitandaza kati yangu na watu.

"Geukeni!" akawafokea. "Mtoto anapumulia hapo! Na wewe Mzee, geuka!"

Wakageuka. Nikauchomoa mrija wa ndani, nikakohoa mpaka magoti yakagusa chini, na pumzi ikaingia. Nililia nyuma ya kanga ile mpaka nikachoka, naye hakuishusha mpaka nilipomgusa bega.

Tulipofika nyumbani ndipo aliponigombeza. "Mwana wanje, mwanangu, umekula kwangu, umelala kwangu, na mimi umenifungia kwa komeo. Kusitiri ni vyema, mwili husitiriwa. Lakini wewe ulikuwa unaficha, na kilichofichwa watu hukiwinda. Ungeniambia mimi mmoja, ningekusitiri kwa wote." Akasonga ugali wake kidogo, kisha akaongeza, "Na hiyo salamu, si upige makofi kwanza useme baadaye? Nani anakukimbiza?"

Kumbe lilikuwa jepesi hivyo! Nilipokutana na Mzee Ntakije tena nikainama, nikapiga makofi kimya, ndipo nikapeleka kidole shingoni nikasema, "Mwakeye." Alisubiri, akaitikia. Radhi hakuomba, ijapokuwa mjukuu wake alipona kwa vidonge vya zahanati. Na wako ambao hawakurudi darasani mpaka nilipohamishiwa Kasulu.

Basi, mwanangu, vaa nguo inayokusitiri, lakini isikukaze wala kukuunguza. Kifuko kikitaka kumwagwa, nyanyuka ukakimwage, hata bosi wako akiwa katikati ya sentensi. Beba maji yako na kitambaa safi popote uendapo. Si lazima kila mtu ajue, mwili ni wako. Ila hapo kazini chagua mtu mmoja mwenye moyo, umwambie mapema, kabla hujamhitaji. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kilinikaribia nikiwa nimejipamba.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe pumzi ndefu na kazi isiyokudhalilisha, na popote mwili wako utakapokusaliti mbele ya watu, asikose mtu wa kukutandazia kanga.