Sahihi Yenye Mkia Mrefu

Zamani zile za Hali ya Hatari ya wakoloni nilikuwa karani katika shamba la ngano huko Njoro, na nilifanya jambo la kijinga ambalo sijamwambia mtu. Barasa, karani mwenzangu, aliniambia kwamba sahihi ndogo ni ya mtu mwoga. Yangu ilikuwa ndogo kama sisimizi. Basi nikaiacha, nikajifunza nyingine yenye mkia mrefu unaozunguka jina lote.

Jumatatu nilikwenda Nakuru kuomba pasi mpya, cheti cha ruhusa ya kusafiri. Nikatia sahihi yangu kwa maringo. Ofisa akaitazama, akafungua pasi ya zamani, akaitazama tena. Kisha akamwita askari asimame nyuma yangu.

"Hii pasi ya zamani ni ya nani?"

"Ni yangu, bwana."

"Mbona sahihi ni za watu wawili?"

Waliokutwa na pasi za wengine walipandishwa lori, na kuna ambao hatukuwaona tena.

"Andika ile ya kwanza," akasema.

Niliandika mara tatu, na zote tatu hazikufanana.

"Uliibadilisha kwa nini?"

Watu wote kwenye foleni walikuwa wakisikiliza. Nikasema kweli, kwa sauti nyembamba, "Nilitaka nionekane mtu asiyeogopa, bwana."

Askari ndiye aliyecheka kwanza, kisha foleni nzima. Ofisa hakucheka. Alinisogezea kisahani cha wino.

"Weka kidole gumba," akasema. "Hicho huwezi kukibadilisha."