Wadudu Waliojificha Kwenye Ini la Mama

Walisema sitamaliza hata mwaka wa kwanza. Walisema chuo cha maabara ni cha watoto waliosoma shule za kulipia, si cha mtu aliyekulia kwenye baridi ya milima ya Tarime akisafisha zizi kabla ya kwenda darasani. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, akiniita mura, yaani kijana, alinisindikiza kwa maneno haya: "Nenda mura, utarudi na kikohozi." Nilirudi kutoka Mwanza na stashahada ya maabara ya tiba, na leo nina chumba changu cha kupimia mjini Tarime, chenye vigae sakafuni na hadubini niliyoinunua mwenyewe. Sikubebwa na mwanasiasa wala ndugu wa ofisini.

Nilibebwa na mama. Ada yangu ilitokana na mitamba aliowakopa boma kwa boma, akawauza. Katika ukoo wetu, aliyeomba ng'ombe ndiye anayemrudisha, kwa miguu yake, mbele ya mwenye mali. Nikienda peke yangu na mtamba, hata awe mzuri namna gani, mwenyewe ana haki ya kusema hajalipwa.

Nilipopata uwezo, mama alishuka Natta, alikoolewa dada yangu, kuchagua mitamba wa kurudisha. Alisema haamini macho yangu kwa kitu chochote kikubwa kuliko mdudu wa kwenye kioo. Alikaa huko mpaka akaridhika, akilala nyumba iliyo karibu na zizi, chandarua kimekunjwa juu kwa sababu ya joto. Mitamba wakaletwa kwenye boma la baba mkubwa, na mama akarudi amenenepa, ana habari za kila mmoja wao.

Kabla ya kwenda kurudisha ng'ombe, sharti mbuzi achinjwe. Baba mkubwa ndiye msomaji wa matumbo katika ukoo. Alitandaza utumbo juu ya majani, kisha akainua ini juani akaligeuza huku na huku. "Safi," akasema. "Njia iko wazi. Anzeni kesho."

Asubuhi hiyo mimi nami nilikuwa nimemtoboa mama kidole. Kipimo cha haraka hakikuonyesha kitu, na kwenye hadubini sikuona kitu. Watu wote walifurahi.

"Mama haendi," nikasema.

"Kwa nini? Kipimo chako kimesema nini?" baba mkubwa akauliza.

"Damu haina malaria."

"Basi."

"Kipimo kinasoma damu, baba. Hakisomi ini."

Akainua lile ini. "Ini nimelisoma mimi."

"Umesoma la mbuzi."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Nikamwomba ini, nikaliweka juu ya jani, na nitasema bila aibu kwamba hakuna mwalimu wangu aliyewahi kufundisha somo hili vizuri kama nilivyolifundisha siku ile. Niliwaambia mbu akiuma, wadudu anaowaacha hawakai kwenye damu. Wanakimbilia ini. Ini lina walinzi wake, nao wanawapenya. Wanaingia chembe moja ya ini wakaiacha, wakaingia nyingine, mpaka kila mdudu anapopata ya kukaa. Humo anajivika utando wa chembe yenyewe, kama mgeni aliyevaa koti la mwenye nyumba, anakula chakula chake, na anazaana mpaka mmoja anakuwa maelfu. Chembe nyingine humshinda, zikamla humohumo. Ile inayoshindwa haifi mapema, maana mdudu anaihitaji hai. Kwa hiyo mtu hasikii homa, hasikii maumivu. Anacheka na kunenepa. Baada ya kama wiki wanatoka kwa mafungu, bado wamejifunika utando uleule ili walinzi wasiwatambue, wanamwagika kwenye damu. Hapo ndipo homa huanza, na mama alikuwa ametoka Natta juzi tu.

"Basi mpe dawa leo," baba mkubwa akasema.

"Dawa ni mseto, nao unaua walio kwenye damu. Walio kwenye ini hauwafikii."

Shangazi alikuwa ametoka kwake Nyansurura kuja kuona mbuzi akichinjwa, na mtamba wake ndiye angekuwa wa mwisho kurudishwa. "Mura, sema tu kwamba inakuuma kuwatoa ng'ombe," akasema. "Mwaka jana mlituambia tungoje mvua. Mwaka huu tunangoja ini."

Iliniuma, maana jina langu lilikuwa mdomoni mwa watu. Lakini mama amekulia kwenye baridi. Mwili wake haukuzoea malaria kama miili ya watu wa Natta, na umri umekwenda. Homa ikimkuta njiani, siku ya pili ya safari, mbali na kituo cha afya, ningemrudisha amelala. Nimewapima watu wa namna hiyo walioletwa wamechelewa. Nikamchukua mama nyumbani kwangu.

Alinung'unika. Kila nilipokuja na sindano alificha mikono ndani ya kanga. "Unanimaliza damu ukitafuta ugonjwa nisio nao." Nje watu walinisalimia kwa kuuliza, "Vipi ini?" Nikawajibu kwamba liko salama, kisha nikarudi ndani kumpima tena.

Kisha mchana mmoja, jua likiwaka, mama alikuwa akichambua maharage uani akaomba sweta. Nilimtoboa palepale. Kipimo kikatoa mistari miwili. Kwenye hadubini niliwaona, vipete vidogo ndani ya chembe za damu, wachache. Nilikuwa nimewawahi. Mganga wa kituo cha jirani akamwandikia mseto, akanywa na uji. Alitetemeka usiku ule, akatapika kidogo, lakini hakuzidiwa. Dozi ilipokwisha nikatazama damu yake tena, nikatafuta kila pembe ya kioo, haikuwa na mdudu hata mmoja. Nilikaa kwenye vile vigae vyangu, nikacheka peke yangu kama mlevi.

Baba mkubwa alikuja akataka kuonyeshwa. Nikamwekea kioo cha siku ya sweta. Alitazama muda mrefu, jicho moja limefumbwa.

"Hawa walikuwa kwenye ini siku ile?"

"Wazazi wao, baba."

"Na mimi nikasema safi."

"La mbuzi lilikuwa safi kweli."

Mama alipopata nguvu tulirudisha mitamba, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na kamba. Hakuna aliyekataa mnyama. Kwa shangazi, Nyansurura, tulifika jioni. Alimkagua mtamba meno, akamshika mgongo, kisha akamgeukia mama akamtazama toka juu hadi chini.

"Umekonda, wifi."

"Nimepona," mama akasema.

Shangazi akachukua kamba mkononi mwangu, akamfunga mtamba, akatuingiza ndani. Tangu jioni ile hakuna mtu kati ya Tarime na Nyansurura anayenidai hata kwato. Ugali ulipoletwa, mama alikula akaomba mwingine, nami nikaacha wangu upoe nikimtazama.