Dashibodi Iliyonivunjia Heshima

Jamani, siku dashibodi ya gari yangu ilipowaka baada ya miaka kumi na moja ya giza, nilitaka nivuke maji nikampige fundi.

Wallahi. Mzee mzima wa miaka sabini na mbili.

Mimi ni Famau. Kwetu asli ni Pate, lakini nakaa Kililana huku bara, nalima simsim. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona maneno yamepandana, nivumilieni. Naandika kwa kidole kimoja.

Gari yangu ni ndogo, nyeupe, ya zamani, zile ambazo dashibodi haina mishale. Ina nambari za kijani: mwendo, mafuta, moto wa injini. Enzi zake, ukikaa mbele wajiona rubani.

Zikazima. Zote. Giza kama ndani ya mtungi.

Sikujali. Mimi gari naisikia kwa makalio. Vioo vikianza kutetemeka, hiyo themanini. Kofia ikitaka kuruka, hiyo mia. Na watu nilikuwa nikiwaambia: Kililana mpaka Mokowe naenda na mia.

Hakuna aliyenipinga. Wanaitikia tu kwa kichwa. Nikadhani ni heshima.

Basi mjukuu wangu Asmaa akawa na mimba, ya kwanza. Mumewe Sadiq kazi yake ni boti kule Ras Kitau, siku nyingi hayupo. Nikamwambia, "Siku ikifika, Babu ndiye atakayekupeleka Mokowe hospitali. Si mtu mwengine."

Akanitazama. "Babu, gari yako kipofu. Dashibodi ikiwaka ntapanda. Isipowaka, naita bodaboda."

Bodaboda! Na tumbo lile! Moyo uliniuma, sikuwaficha.

Nikatafuta fundi huku bara. Wa kwanza akanambia nitafute gari nyingine. Wa pili akaipiga dashibodi ngumi mbili, akasema, "Jaribu sasa, mzee."

Ndipo nikamkumbuka Kamaludin, Amu mjini, yaani Lamu kule kisiwani. Yule hutengeneza vipaza sauti vya misikiti na vile vioo vya boti vya kutafutia samaki. Gari hajawahi kuendesha maishani mwake. Kule kwao njia ni za punda, ataendesha wapi?

Gari haivuki. Basi nikaichomoa dashibodi, nikaifunga kwa kikoi, nikaipakata botini kama mtoto mchanga.

Mama mmoja akaniuliza, "Mzee, na gari lenyewe laja nyuma?"

Boti nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, nifanyeje.

Kamaludin akaifungua. Akavaa miwani juu ya miwani.

"Bwana Famau, hii haikufa. Ni chumvi ya hewa. Ona, hivi vikopo vidogo, kapasita, vimevimba vikavuja, na risasi ya kuungia imepasuka hapa, na hapa, na hapa."

Akatoa mbovu, akatia mpya, akachomelea risasi upya, akaunga betri ya boti. Nambari zikawaka kijani! Watu wa barazani wakainuka: "Mashaallah!" Mmoja akaomba aishike apigwe picha, akajifanya yuageuza usukani.

Nikairudisha, nikaifunga mahali pake, gari nikaiweka isubiri siku yake. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri tu, uchungu ukamshika Asmaa.

Nikawasha gari. Nyuma mke wangu Bi Thuwaiba, kamshika Asmaa mabega. Nikakanyaga. Vioo vikatetemeka. Kofia ikaanza kuinuka. Ile mia yangu tamu.

Nikaangalia nambari.

Ishirini na nane.

"Kamaludin kaniharibia!" nikapiga kelele. "Fundi wa boti huyu! Kaniwekea hesabu ya baharini!" Maana boti huhesabiwa vyengine, nambari huwa ndogo na mwendo mkubwa.

"Bwana Famau," akasema mke wangu, "endesha."

"Naenda na mia, Thuwaiba! Hii nambari ndiyo..."

Bodaboda ikatupita. Nyuma imebeba mama, godoro na mbuzi. Yule mama akatupungia mkono.

Asmaa, jasho lamtiririka, akanisongezea simu usoni. Kumbe simu nayo yapima mwendo. Ishirini na nane.

"Babu, na simu yangu ni ya boti?"

Nikaitazama simu, nikaitazama dashibodi.

"Mtoto yuaja, Babu! Nipe hamsini tu. Hamsini!"

Nikakanyaga. Thelathini na tano. Arubaini. Kioo kimoja kikashuka chenyewe, kofia ikaenda zake dirishani. Hamsini! Nyuma mke wangu asoma kila dua aijuayo.

"Wacha kuangalia nambari!" akanikemea. "Angalia ndia!"

Tukafika. Nesi Cherotich akampokea mlangoni. Sijamaliza kuegesha nikasikia kilio cha mtoto.

"Mzee," nesi akanambia, "kidogo tu azalie garini."

Mtoto wa kike, alhamdulillah. Tukamwita Hadia.

Nikaingia nimetoa kifua. "Umeona, mjukuu wangu? Uliiogopa gari ya Babu bure."

Asmaa akacheka mpaka akashika tumbo. "Babu, nani ataogopa gari ya ishirini na nane? Kililana nzima twajua. Nilipokuwa shule nilikuwa nikishuka, nachuma ukwaju, nakimbia napanda tena, na hukuwa umesimama."

"Sasa mbona ukanihangaisha mpaka Amu?"

"Ungeambiwa na mtu, ungekubali?"

Nikapeleka mkono kuvuta kofia, kumbe ilibaki njiani.

"Nilitaka uone mwenyewe kabla siku yangu haijafika. Nilitaka wewe ndiye unipeleke, Babu. Lakini pia nilitaka tufike."

Nikamgeukia Bi Thuwaiba. Yuatazama dari, midomo kaibana.

Wazee wenzangu, mkiona watu wanawaitikia tu kwa kichwa, msifurahi upesi. Huenda wanawapenda sana, wanaona haya kuwaambia. Chochote nyumbani chenye kuwaambia ukweli, kikizima, kitengenezeni mapema. Mtaona haya siku moja tu, basi. Mimi haya hiyo nimelipwa kitukuu, na sasa hivi amelala kifuani kwangu, ananikojolea.