Jina la Fisi

Mama yangu ana jina la Kikamba ambalo hataki kulisikia. Sitaliandika hapa, maana ana simu na anasoma kila kitu. Maana yake ni fisi. Zamani mwanamke aliyefiwa na watoto mfululizo alimpa anayefuata jina hilo, ili kifo kikija kimdharau, kiende zake. Hapa mjini Wote watu wanamwita mama kwa jina la ubatizo tu.

Mke wangu alijifungua msichana mwaka mmoja baada ya kumzika mvulana wetu wa kwanza. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, kwa hivyo sikuona la kujadili. Shangazi, dada ya marehemu baba, alitoka Mwingi na kibuyu cha maziwa, akaketi sebuleni kumpa mtoto jina.

"Huyu ni fisi mara mbili," akasema. "Ni jina la nyanyake, na tena amefuata kaburi. Mwiteni hivyo aishi."

"Ng'o!" Mama akajibu kutoka jikoni. "Si katika nyumba hii."

Nikawaka. "Ni kanisa, sivyo? Ati siku hizi Ukamba ni ushetani! Muthokoi unakula sahani mbili, lakini jina unalionea haya?"

Akatoka na mwiko mkononi. Nilidhani atanichapa, na mvi zangu hizi.

"Unajua nini wewe? Jina peke yake halitoshi. Lazima pia ujifanye humtaki mtoto, ndio kifo kiamini. Mama yangu alijifanya vizuri mno. Nikianguka, haniinui. Niliishi kwake mpaka nikaolewa, na sikumbuki mkono wake mwilini mwangu. Mtu wa kwanza kunikumbatia nilimpata kanisani. Ungekuwa mimi ungebaki wapi?"

Shangazi akainamia kibuyu chake. Mimi hasira haikuisha, ila ilikosa pa kwenda.

Hapo ndipo mtoto alipopaliwa na maziwa. Mke wangu alikuwa akimnyonyesha pembeni, akapiga yowe. Midomo ya mtoto ilikuwa inageuka rangi na mimi nimesimama tu, jameni, kama gogo. Mama akatupa mwiko, akamnyakua, akamlaza kifudifudi mkononi, akaanza kumpiga mgongoni huku akiita. Nilitarajia amwite Mwokozi. Aliita lile jina. Aliliita kwa Kikamba, kwa sauti ya kusikika barabarani: fisi, fisi, wewe ni fisi tu, nani anakutaka!

Maziwa yakatoka. Mtoto akalia.

Mama akaketi sakafuni, amembana kifuani. Shangazi akafungua mdomo.

"Nyamaza," Mama akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Mwite unavyotaka. Lakini mbebe."

"Mama, mimi..."

"Nimekuangalia tangu aje kutoka hospitali. Unamnunulia nguo, unauliza kama amelala, unagombania jina lake. Hujamshika hata mara moja."

Ilikuwa kweli. Yule wa kwanza nilikuwa nimemzoea mikononi, na nilijua uzito wake hata siku tulipomfunga sanda. Huyu nilimwogopa. Niliogopa kumpenda mapema.

Mke wangu alinitazama, machozi yakimtoka. Naye alikuwa ameona.

"Haya," Mama akasema, akimnyoosha mtoto kwangu. "Mbele yetu sote. Mshike."

Nikatoa mikono mifukoni.