Taa ya Kijani kwa Baba

Baba alikuja London kutibiwa masikio, na masikio yakamfia hapa hapa Kilburn, kwenye flati yangu ya kupanga. Mama alibaki Tanga. "Baridi hiyo ioneni wenyewe," alisema, lakini mwisho akakubali: akishapasuliwa uvimbe wake wa tumbo na kupata nguvu, atamfuata mumewe. Baba akaenda madukani High Road akamnunulia koti zito la rangi ya zambarau, akalitundika nyuma ya mlango na lebo yake.

Mimi nilikuwa nikitengeneza kompyuta kwenye ofisi moja Wembley. Na ni mtu wa hasira, sikatai. Baba alikuwa akipiga kelele kwa kuwa haisikii sauti yake, nami nampigia kelele kwa kuwa hanisikii, mpaka majirani wakadhani tunagombana. Tukiwa pamoja namwandikia kwenye daftari, herufi kubwa kubwa. Nikiwa kazini ndiyo ilikuwa shida. Simu haisikii, na meseji aliziita nyayo za sisimizi.

Basi nikanunua kidude. Kibao cha ukubwa wa kibiriti, juu yake kataa kamoja kanakotoa rangi yoyote utakayo. Nilikichomeka kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa mezani karibu na dirisha. Hakina swichi wala kitufe. Unakiamuru kwa kuandika kwenye skrini nyeusi: neno taa, kisha namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia sifuri mpaka mia mbili hamsini na tano. Uzuri wake ni kwamba niliweza kuingia kwenye kompyuta ile kwa intaneti nikiwa Wembley, nikaandika vile vile, na taa ikawaka Kilburn mbele ya baba.

Alicheka siku hiyo! "Miaka yote hiyo ya kusoma, mwanangu, umekuja kuwasha koroboi?" Lakini maana za rangi alizipanga mwenyewe. Buluu, subiri. Kijani, kwema. Nyekundu, kuna jambo, kaa unisubiri.

Asubuhi ya mama kupasuliwa niliiacha taa buluu. Baba alikuwa ameshavuta kiti na kukaa mbele yake, amevaa kanzu. "Adhuhuri ikiingia na bado buluu," akaniambia, "nakufuata huko kazini kwako." Mtu kiziwi, ambaye mara mbili alishapotea kati ya nyumbani na sokoni.

Mjomba alipiga simu kutoka Tanga kabla ya adhuhuri. Kwetu msiba hausemwi hivi hivi tu. Aliniuliza nimekaa au nimesimama, akaniuliza nani yuko karibu yangu, nikajua kabla hajafika kwenye neno lenyewe. Mama hakutoka chumba cha upasuaji. Nililia pale pale mbele ya watu, na mjomba akaningoja, kisha akasema, "Baba yako asijue akiwa peke yake. Mfikie kwanza. Nenda na watu wazima."

Nikaingia kwenye kompyuta ya nyumbani. Nikiandika nyekundu, atajua, na hana hata wa kumshika mkono. Nikiiacha buluu, atatoka barabarani. Yarabi, nilikaa nikiitazama ile skrini nyeusi na saa inakwenda. Kisha nikaandika taa 0 255 0. Hakuna aliyenishika mkono, niliandika mwenyewe.

Nilipanda basi mpaka msikitini alikokuwa akisali baba, nikawapata wazee wawili wanaomjua, tukaongozana. Foleni siku hiyo, acha tu. Zilipita karibu saa mbili tangu nilipoandika.

Nilipofungua mlango nilikutana na harufu ya ubani. Baba alikuwa amefukiza nyumba nzima. Lile koti alikuwa amelitoa mlangoni, ameikata lebo, amelitandaza kwenye kitanda alichomtengea mama, na alikuwa akilipiga pasi mikunjo ya mikono.

"Umeona?" akapiga kelele kwa furaha. "Kijani! Nimeshasali rakaa mbili za shukrani. Mwandikie mama yako, mwambie asibebe sweta, koti lipo!"

Ndipo akawaona wazee nyuma yangu, na kofia zao, na macho yao chini. Akanitazama mimi. Akaitazama taa, bado kijani. Akaichomoa pasi taratibu.

Nikachukua daftari. Akalisukuma.

"Saa mbili," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu awe kiziwi sauti yake ilikuwa ndogo. "Saa mbili namshukuru Mungu, kumbe mama yako maiti."

Nilimwangukia miguuni. Nisamehe baba, nisamehe, nikasema, na hasikii. Mzee mmoja akataka kumshika bega, naye akamzuia kwa kiganja, akaninyanyua, akanipeleka mezani na kuniketisha mbele ya kompyuta.

"Andika ya kweli," akasema. "Nimeambiwa na hii. Iniambie hii."

Nikaandika taa 255 0 0, nikabonyeza. Baba aliitazama mpaka ikageuka, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kisha akalichukua lile koti, bado na joto la pasi, akajifunika nalo usoni akalia.