Nguzo ya Zerga

Nguzo yangu haina mchwa. Naanza na hilo, maana nimelinyamazia miaka miwili, na aliyeumia kwa kimya changu amezikwa juzi.

Kwetu Gurage, nyumba ni msonge, na nguzo moja ya katikati ndiyo inayobeba paa lote. Nguzo hiyo huchongwa na watu wa ukoo wa fundi Zerga tu. Wakishaezeka hutoka, na hawakanyagi tena ndani ila kwa matengenezo. Chakula chao hupewa nje, kwenye jani la mgomba. Ndivyo tulivyokuta, na hakuna aliyeona haya. Zerga alijenga karibu kila nyumba hapa kijijini, na hakuwahi kukaa kitako ndani ya hata moja.

Yangu aliijenga nilipoolewa. Tangu hapo, kila akipita aliita kutoka uani, "Mama, nguzo inasemaje?" Mtu wa umri wa baba yangu, ananiita mama!

"Haijalalamika," namjibu.

"Moshi umeshaiivisha?"

"Nyeusi tii, inang'aa kama imepakwa siagi."

"Basi wenzangu mna bahati. Mimi nazijua zikiwa nyeupe tu."

Mkewe alikufa. Wanawe walihamia mjini, wakaukana ukoo. Akabaki anaongea na shoka lake. Mwaka juzi mvua ya mawe ilimkuta ukingoni mwa paa langu, amejikunyata, akasema, "Mama, kabla sijafa nataka kuiona moja iliyoiva. Moja tu."

Marehemu mume wangu asingekubali. Lakini nyumba sasa ni yangu. "Ingia bwana," nikamwambia, "kahawa iko motoni."

Nilimpa kikombe, si jani. Akaketi, akaweka kiganja kwenye nguzo, machozi yakamtoka. "Kumbe na wewe umezeeka," akaiambia. Nilifurahi, jamani, nilifurahi kweli.

Mara wifi yangu Amarech huyo, hodi anapiga ameshaingia. "Wee! Huyu anafanya nini humu? Na kikombe juu!"

Nikaogopa. Mtu mzima mimi, nikaogopa ulimi wa wifi. "Nguzo imeingia mchwa," nikasema. "Nimemwita aitazame."

Zerga alinitazama. Akaweka kikombe chini, hata nusu hajafika, akaigonga nguzo kwa mpini wa shoka. Ikalia kavu, nzima kabisa.

"Kweli mama," akasema. "Imeliwa ndani. Kosa langu, nilikata mti mbaya."

Siku ya soko ilipofika, kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba nguzo ya Zerga imeliwa. Waliokuwa wanataka kujenga wakaita fundi wa ng'ambo ya mto. Hakuna aliyemwita Zerga tena, naye hakupita tena uani kwangu. Neno moja langu lingemrudishia jina lake. Sikulisema.

Nilichofanya ni kumpelekea kahawa, mara moja. Nilimkuta mlangoni kwake, nikainua mguu niingie. Akanizuia kwa mkono, taratibu, bila hasira.

"Usiingie, mama. Watakuona."

Akainywa palepale nje, amesimama, akanirudishia kikombe changu.